Mkate Ndani ya Neno

Mzee anayetunzwa na Uwineza kule ughaibuni, mjini Fridley, aliweka kidole kwenye beji ya mhudumu wake huyo, juu ya jina la kazi: *companion*, yaani mwandani.

"Unajua lilikotoka?" Alikuwa amefundisha Kilatini miaka arobaini. "*Cum* ni pamoja na. *Panis* ni mkate. Ni mtu unayekula naye mkate. Wahispania wanasema *compañero*."

"Na *copain* ya Kifaransa?" Uwineza akauliza taratibu.

"Hata hiyo."

Mwili ukamsisimka Uwineza. Neno hilo alilitamka kwa sauti utoto wake wote uwanjani mwa shule, Uvira, akiwaita rafiki zake. Kumbe siku zote lilikuwa limebeba mkate!

Na sasa, miezi minane, alikuwa akila chakula cha mchana amesimama jikoni, kwa sababu waajiri wake wamekataza kukaa meza moja na mteja. Kwao Uvira, kula huku umempa mzee mgongo ni aibu kubwa.

Mzee akamega mkate wake. Chembe zikadondoka mezani, kipande kikabaki mkononi mwake, hewani, kikimngoja Uwineza.

Uwineza akainyoosha beji kifuani mpaka ikakaa sawa. Kisha akavuta kiti.