Ncha ya Grafu

Mwalimu aliinua chaki ili aweke alama ya vema, mkono ukagoma hewani. Kuna kitu hakikukaa sawa pale ubaoni, lakini kipi? Alikodoa macho. Uchovu ulikuwa umemjaa mpaka kwenye kope.

Mwanafunzi wake alisimama kando, ameshika dasta kwa mikono miwili. Alikuwa peke yake. Wenzake wote sijui walikuwa wamejichimbia wapi. Huyu alikuwa wa kurudia darasa, na kwa jinsi alivyokomaa, maskini, alikuwa amerudia sana. Kichwa kigumu, lakini hakosi kipindi. Na kesho ndiyo mtihani. Akifeli safari hii, basi tena. Mwalimu alikuwa amejiapiza kwamba huyu hamwachi nyuma, hata kama yeye mwenyewe amechoka hoi.

“Hebu nieleze ulivyofanya,” alisema, akijipa muda.

“Swali linataka kimo cha juu kabisa cha grafu, kuanzia sifuri mpaka tano,” mwanafunzi alisema. “Nimetafuta mahali ambapo mteremko unakuwa sifuri. Nimepata pawili: hapa kilima, hapa bonde. Kilima kina kimo cha saba. Kwa hiyo jibu ni saba.”

“Saba,” mwalimu alirudia.

Alipita mstari kwa mstari. Hesabu zilikuwa safi. Mwandiko, ajabu, ulinyooka ubaoni kuliko wake mwenyewe. Zamani angeliona kosa kabla hajavua koti. Sasa namba zilimchezea machoni, na moyoni alijiambia, weka vema mzee, ukakae, nani atajua?

“Iko sawa, mwalimu?”

Sauti ilimtetemeka. Wala hakuwa anatazama ubao. Alikuwa anamtazama yeye usoni, bila kupepesa. Mtihani umemtia hofu kweli huyu, mwalimu aliwaza, na huruma ikamshika. Alisogeza chaki karibu na ile saba. Mwanafunzi akafumba macho.

“Ncha!” mwalimu alifoka ghafla. “Ncha zako ziko wapi?”

“Ncha gani, mwalimu?”

“Loo, mtoto huyu ataniua! Umepanda kilima, ukaketi kupunga upepo, na swali linakwambia twende mpaka tano! Nimesema mara ngapi? Ukishamaliza vilima na mabonde, nenda kapime ncha zote mbili, mwanzo na mwisho. Haya, weka tano hapo. Weka!”

Mwanafunzi akaweka tano. Akazidisha, akatoa, akajumlisha. Ikatoka ishirini na tatu.

“Umeona? Baada ya bonde grafu imepanda tena mpaka ukingoni, na wewe ulishafunga daftari ukaenda zako!”

Alijitupa kitini, pumzi juu juu, lakini kifua kimempanuka. Kwa dakika ile hakuna aliyeweza kumwambia amezeeka. Kisha akaona mwanafunzi analia, machozi yanachuruzika kabisa, na aibu ikamwingia. Mtu mzima kumfokea mtoto wa watu kiasi kile!

“Basi, mwanangu, basi. Nimekupandishia sauti bure. Kesho utaweza.”

“Asante, mwalimu.”

Mlango ukafunguliwa. Aliingia yule mama wa aproni nyeupe, ambaye huleta chai, na siku hizi, bila hata kuulizwa, huweka na vidonge pembeni ya kikombe. Mwalimu hakupata kuelewa shule gani inalazimisha walimu wake vidonge. Yule mama hakumtazama yeye, alimtazama mwanafunzi.

“Leo ameliona kosa?” aliuliza kwa sauti ya chini.

“Ameliona.” Mwanafunzi alijifuta uso kwa kiganja chenye vumbi la chaki. “Amechelewa sana. Nilidhani ndiyo basi. Lakini ameliona.”

“Afadhali. Haya, profesa, dereva wa chuo anapiga honi huko nje. Wanafunzi wako wanakusubiri.”

Mwalimu aligeuka huku na huku kumtafuta huyo profesa. Hakuona mtu. Alimwona tu mwanafunzi wake akiufuta ubao mpaka ukawa mweusi, kisha akaja, akainama, akamtengenezea blanketi magotini.

“Kesho nitakosea tena, baba,” alisema.