Dawati la Mninga

"Watoto wa machimboni wanatushushia wastani," alisema mwalimu mkuu. "Binti yako arudie darasa, mama, au umtafutie shule nyingine."

Nyamizi alitoka ofisini. Alikwenda moja kwa moja darasani, kwenye dawati alilolazimishwa kulileta siku ya kumwandikisha mtoto. Binti yake alikuwa amelikalia pamoja na wasichana wawili wa mtaa wa maofisa, wale wanaoongoza mitihani.

"Inukeni, wanangu."

Mwalimu mkuu alimfuata mbio. "Mama, hawa sasa watakaa wapi?"

"Wakae kwenye wastani wako!"

Akalinyanyua upande mmoja, binti yake upande wa pili. Lilikuwa la mninga, zito. Walipokaribia mlango likawa jepesi ghafla. Nyamizi akageuka. Wale wasichana wawili walikuwa wamelishika katikati.