Jamhuri Inapokea Mugeni

Mukoloni wa muchezo alikuwa anashuka jukwaani na valizi yake ya nguo, wazazi wakimuzomea: "Enda na baridi yako ya Ulaya!" Sasa ilikuwa zamu ya Jirani.

Gracia, aliyecheza Jamhuri changa katika muchezo wa sikukuu ya uhuru pale shuleni Bunia, alisimama karibu na kiti. Asubuhi mwalimu alikuwa amemuonya: "Weye, ile neno ya silaha uiruke. Ofisa wa jeshi ya ng'ambo ya mupaka atakuwa mbele. Anasikia Swahili kutushinda siye."

Kweli ofisa alikuwa pale, safu ya mbele, bunduki juu ya magoti.

Mwanafunzi aliyecheza Jirani akaingia na mukuki wa mbao. "Hodi! Nimekuja kukusaidia, dada."

Kwao Gracia, mugeni huacha mukuki mulangoni ndipo apewe kiti. Kila mutu mule ndani alijua hivyo. Gracia alishika mugongo wa kiti mpaka vidole vikamuuma. Pembeni, mwalimu alikuwa anatikisa kichwa: hapana, hapana.

"Karibu, ndugu," Gracia alisema. Halafu akamuacha Jirani, akamutazama ofisa usoni. "Lakini kwetu silaha inabaki inje."

Ofisa alitazama magoti yake, akasimama polepole, akatoka na bunduki yake. Hakurudi.

Baadaye ofisa alihamishiwa Boga. Mwalimu alifukuzwa kazi, sasa anakausha samaki Tchomia. Aliyecheza Mukoloni anasoma Kisangani. Gracia, watu walikuja kumuchukua nyumbani siku ya pili, na mama yake angali anamuulizia.