Kipupwe cha Hombolo

Marehemu waliruhusiwa kurudi kwa wenzi wao wiki moja kwa mwaka, wakati wa kipupwe, kwa sababu miili waliyoazimwa haikustahimili joto. Ndiyo maana kila Julai nyumba za wageni za Hombolo, katikati ya mashamba ya zabibu, zilijaa wapenzi.

Sechelela alianza kupanga safari tangu masika. Aliomba chumba cha upande wa kivuli, akakataza moto, akaagiza mvinyo mwekundu aliokuwa akiupenda mumewe.

"Mungu ni mwema," alimwambia mhudumu, meno yakigongana kwa baridi. "Wenzetu wa zamani walibakiwa na makaburi tu."

"Kweli, mama. Ila usimwambie kwamba alifariki. Na usimguse ukiwa na joto."

Kabla mumewe, Ndahani, hajaletwa, Sechelela alitumbukiza mikono kwenye ndoo ya barafu iliyokuwa chini ya meza mpaka ikafa ganzi. Mumewe alipoketi kando yake, Sechelela alimshika mkono.

Ndahani alimtazama kwa huruma. "Mke wangu, mbona una mikono ya maiti?"

"Ni kipupwe tu, baba watoto," alijibu, akamshukuru Mungu tena, na chini ya meza akaurudisha mkono wa pili kwenye ndoo.