Betri za Taa

Asukulu alikuwa amecheza kamari kwa pesa ya betri za taa, zile taa zinazowakusanya ndakala, wale dagaa wadogo, usiku ziwani. Kwenye simu kindege cha mchezo kilipanda na pesa ikazidi nacho: mara mbili, mara tatu. Kikitoroka kabla hajabonyeza, pesa yote imekwenda.

"Kamata, we!" mwenzake wa mtumbwini alipiga kelele.

Gamba la samaki liling'aa kwenye kidole gumba cha Asukulu. Akabonyeza kwenye mara nne. Pesa ikaingia.

Kindege kikaendelea kupanda bila wao, hadi mara kumi na tisa.

"Tulivuta wavu mapema, ndugu," alisema Asukulu kwa utulivu. "Ndakala balikuwa bangali banakuja."

Akaiweka yote tena. Kindege kikapanda, kikapita nne. Mwenzake akanyoosha mkono kwenye simu ili abonyeze.

"Toa mukono," alisema Asukulu. "Bangali banakuja."