Masikio ya Mchumba

Stima ilipotea pale pale muuaji alipotaka kufunua uso, na watu wote katika kibanda cha video pale Kitengela wakapiga mayowe.

Kalunde alipenda filamu za kuvuruga akili, zile ambazo humjui mbaya ni nani mpaka mwisho. Mchumba wake, karani wa mizigo kule Namanga, aliyeketi kando yake, alikuwa ameshaiona hii na kuapa hatamwambia lolote.

"Muuaji ni daktari," Kalunde akasema.

"Si daktari."

Lakini mwanga wa jua ulipenya kwenye tundu la mabati ukamwangukia mchumba shavuni. Masikio yake yalikuwa yakicheza kama ya mbuzi anayefukuza nzi, kama kila mara anapodanganya.

"Ama ni yule bibi yake?"

"Si yeye!" Masikio yakatulia.

"Basi ni daktari."

"Nimesema si daktari!" Yakaanza tena.

Kalunde akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akamsogelea, akauliza lile lililomnyima usingizi tangu mwanamume huyu amchumbie.

"Na huko Namanga, uko na bibi mwingine?"

"Mimi? Sina."

Kalunde akayatazama masikio kwa makini. Hayakutikisika hata kidogo.

"Basi Jumapili twende nyumbani," akasema, "ukaonane na mama."