Msumari wa Tano

Ofisa alisimama mbele ya ukuta wa mashine yangu ya kusaga hapa Katoro, akigusa kimoja kimoja vyeti vilivyotundikwa kwenye misumari minne: leseni, zimamoto, mizani, afya.

"Cha mazingira hakipo, Mama Dorika. Nafunga."

"Kila mwaka mnazaa kingine!"

"Kodi zenu ndizo zinazowalipa wastaafu pensheni."

Baba yangu, mwalimu mstaafu, alikuwa ameketi juu ya gunia la mahindi. Alinyoosha bahasha ya pensheni aliyotoka kuichukua benki. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa unga.

"Lipa, mwanangu. Dawa ya presha itasubiri."

"Haisubiri, Baba."

Nje, wanawake wenye ndoo za mahindi walikuwa wakingoja kusagiwa. Hata hivyo niliichukua bahasha, nikamwambia ofisa anipe namba ya malipo ya cheti, kisha nikaanza kutafuta msumari wa tano.